Mwongozo kamili: Jinsi kamati ya Bunge inavyoweza kusimamia usalama wa visima vya gesi na mafuta baharini

Tarehe 20 Aprili 2010 viongozi wa BP, kampuni yenye kisima, na Transocean, kampuni yenye mtambo, walifika kwa helikopta kwenye mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa unachoronga kisima cha Macondo kilomita 66 hivi kutoka pwani ya Louisiana, Marekani. Mtambo ulikuwa umetimiza miaka 7 bila ajali ya kumlaza mfanyakazi nje ya kazi, na pongezi zilikuwa sehemu ya ziara yao. Saa 3:49 usiku wa siku hiyo hiyo kisima kililipuka. Kati ya watu 126 waliokuwemo, 11 walikufa. Baada ya siku mbili mtambo ulizama, na mafuta yakaendelea kumwagika chini ya bahari kwa siku 87.

Takwimu ya miaka 7 ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba ilihesabu vidole vilivyobanwa na watu walioteleza ngazini, haikuhesabu presha ya kisima. Takwimu za aina hiyo ndizo kamati za Bunge huletewa hadi leo, zimepangwa vizuri kwenye jedwali, pamoja na sentensi kwamba shughuli zote zinafuata viwango vya kimataifa. Kamati ikizipokea na kushukuru, kazi yake ya usimamizi imeishia hapo.

Mwongozo huu ni kwa wabunge, makatibu wa kamati, wachambuzi wa bajeti, waandishi wa habari na asasi zinazofuatilia sekta ya petroli. Mfano wetu mkuu ni Macondo, kwa sababu karatasi za kisima kile zimewekwa hadharani kuliko za karibu kisima kingine chochote. Sheria tunazorejea zaidi ni za Tanzania na Kenya. Gesi iliyogunduliwa Tanzania ni futi za ujazo trilioni 57.54, na trilioni 47.13 kati ya hizo ziko kwenye kina kirefu cha bahari. Kisima cha Zafarani-1, kilichoonyesha gesi mwaka 2012, kilichorongwa mahali penye kina cha maji cha takriban mita 2,500. Macondo ilikuwa kwenye mita 1,500.

Hatua ya 1: Chora ramani ya nani anasimamia nini

Kabla ya kumwita mtu yeyote, chukua karatasi moja uandike kazi nne kwenye mstari: kugawa vitalu (maeneo ya kutafuta na kuchimba), kukusanya mapato, kukagua usalama, kushughulikia umwagikaji. Chini ya kila kazi andika jina la taasisi na kifungu cha sheria kinachoipa kazi hiyo. Jina likijirudia, umeshapata swali lako la kwanza.

Marekani kabla ya 2010 jina lilikuwa moja kwenye safu tatu: MMS, idara ndogo ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi ile, ambayo kule husimamia ardhi na rasilimali za umma, ndiyo iliyogawa maeneo, ikakusanya mrabaha na kukagua mitambo. Mrabaha ulileta mabilioni ya dola kwa mwaka, ukaguzi ulileta lawama, na mtu hahitaji kusomea utawala kujua upande upi ulipata watu na fedha. Ghuba ya Mexico ilikuwa na wakaguzi wapatao 55 kwa mitambo karibu 3,000. Baada ya ajali MMS ilivunjwa. Mapato yalihamishwa Oktoba 2010, na kufikia tarehe 1 Oktoba 2011 kulikuwa na BOEM kwa vitalu na BSEE kwa usalama. Uingereza ililifahamu jambo hilo mapema zaidi, kwa gharama ya watu 167 waliokufa kwenye mtambo wa Piper Alpha Julai 1988. Ripoti ya Jaji Cullen ya 1990 ndiyo iliyoutoa usalama wa baharini kwenye Idara ya Nishati na kuupeleka kwa wakaguzi wa afya na usalama kazini.

Kwa Tanzania Bara ramani inakuwa hivi. PURA, mamlaka ya kudhibiti mkondo wa juu wa petroli (yaani utafutaji na uchimbaji), ilianzishwa na Sheria ya Petroli ya 2015. Humshauri Waziri kuhusu kunadi vitalu na mikataba, hukagua gharama za wawekezaji, na hiyo hiyo husimamia shughuli za mkondo wa juu pamoja na usalama wake. TPDC, shirika la petroli la taifa, ni mbia wa Serikali kwenye mikataba. OSHA, wakala wa usalama kazini, ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, NEMC, baraza la mazingira, ina Sheria ya Mazingira ya 2004, na TASAC, wakala wa meli, inahusika na uchafuzi unaotokana na shughuli za majini. Zanzibar ina Sheria yake ya Mafuta na Gesi ya 2016 na mamlaka yake, ZPRA, ambayo inawajibika kwa Baraza la Wawakilishi na siyo kwa Bunge la Dodoma. Kenya ina Sheria ya Petroli ya 2019, EPRA (mdhibiti wa nishati na petroli), NEMA (mamlaka ya mazingira) na Mamlaka ya Bahari.

Swali la kuiuliza PURA hapo si tuhuma, ni swali la muundo: afisa anayeweza kusimamisha uchorongaji usiku wa manane ni nani, anaripoti kwa nani, na bosi wake anapimwa kwa usalama au kwa kasi ya mradi? Dai jibu la maandishi lenye cheo cha mtu. Jibu la "mamlaka husika" lirudishwe.

Hatua ya 2: Jua nguvu ulizonazo

Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inaruhusu kuita mashahidi na kudai nyaraka. Kenya, Ibara ya 125 inaipa kila kamati nguvu za Mahakama Kuu za kumwita shahidi, kumwapisha na kumlazimisha alete nyaraka. Ibara ya 71 inataka mikataba ya rasilimali asilia iridhiwe na Bunge.

Nguvu hizi si za maonyesho. Mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Tanzania iliitaka TPDC iwasilishe mikataba 26 ya gesi, ikanyimwa, na mvutano ukafika hadi viongozi wa shirika kushikwa na polisi. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji, inayotaka mikataba ichapishwe. Kwa hiyo kamati ikiambiwa mkataba una kifungu cha usiri, ijibu mambo mawili: sheria ya nchi iko juu ya kifungu cha mkataba, na kamati iko tayari kuusoma kwenye kikao cha faragha. Sababu ya kukataa itakuwa imeisha.

Marekani kulikuwa na pengo la kujifunza hapa. Rais Obama aliunda Tume ya Taifa ya kuchunguza ajali, lakini Seneti haikuipa nguvu ya kuita mashahidi kwa lazima. Tume ilifanya kazi nzuri hata hivyo, ila ilitegemea hiari ya watu kwa mambo ambayo hayakupaswa kuwa ya hiari. Bunge likiunda kamati teule, hadidu za rejea zitaje wazi nguvu ya wito, kiapo na nyaraka.

Hatua ya 3: Kielewe kisima kiasi cha kuweza kuuliza

Hauhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji kujua vizuizi vitatu vinavyoiweka gesi chini, na ni kipi kinategemewa kwa saa fulani.

Cha kwanza ni tope la kuchorongea. Hili ni mchanganyiko mzito unaojazwa ndani ya kisima, na uzito wake ndio unaokandamiza gesi. Macondo, lita moja ya tope ilikuwa na uzito wa kilo 1.68 hivi, lita ya maji ya bahari ina kilo 1.03. Cha pili ni saruji inayosukumwa hadi chini na kuziba nafasi kati ya bomba la chuma la kisima, yaani kesingi, na mwamba. Cha tatu ni mtambo wa kuzuia mlipuko, ambao wachorongaji wote huuita BOP: rundo la valvu na visu vya chuma linalokaa sakafuni mwa bahari, ambalo likiamriwa hubana bomba au kulikata na kufunga kisima.

Hatari kubwa huja pale kizuizi kimoja kinapoondolewa makusudi kwa kuamini kingine kimeshika. Macondo walikuwa wamemaliza kuchoronga na wanajiandaa kuondoka. Walipanga kutoa tope na kuweka maji ya bahari hadi mita 2,550 chini ya mtambo. Piga hesabu ya tofauti ya uzito ule kwa kina kile: kisima kinapoteza karibu psi 2,300 za mkandamizo (psi ni kipimo cha presha). Tangu hapo kila kitu kinaegemea saruji iliyo chini kabisa. Kwa hiyo swali lenye thamani kuliko yote kwa kamati ni hili: siku mnayotoa tope, mnajuaje kwamba saruji imeshika?

Hatua ya 4: Dai karatasi hizi, na siyo muhtasari wake

Hati ya wito itaje kila karatasi kwa jina, kipindi chake, na muundo wake. Andika "faili la kompyuta lenye takwimu ghafi", kwa sababu picha iliyochapishwa kwenye karatasi haiwezi kukuzwa wala kukokotolewa.

1. Mpango wa kisima ulioidhinishwa, pamoja na marekebisho yake yote na saa kila rekebisho lilipoombwa na kuidhinishwa. Mabadiliko ya mpango wa kuondoka Macondo yaliidhinishwa na mdhibiti siku hiyo hiyo yalipoombwa. Idhini ya haraka ya jambo zito ni dalili kwamba hakuna aliyelisoma.

2. Ripoti ya kila siku ya uchorongaji. Angalia safu ya siku zilizopangwa dhidi ya siku zilizotumika. Macondo ilikuwa nyuma ya ratiba kwa siku 43, na gharama ya mtambo na huduma zake ilikuwa kama dola milioni 1 kwa siku. Mradi uliochelewa ndio wa kukaguliwa kwanza.

3. Ripoti ya maabara ya saruji, yenye tarehe ya jaribio na tarehe matokeo yalipomfikia mwenye kisima. Majaribio ya Halliburton, kampuni iliyofanya kazi ya saruji, yalikuwa yameonyesha zaidi ya mara moja kwamba mchanganyiko ule wa saruji ya povu haukuwa thabiti, na saruji ilimwagwa hata hivyo.

4. Hesabu ya sentralaiza, yaani vishikizo vinavyoliweka bomba katikati ya shimo ili saruji izunguke pande zote. Kompyuta ilipendekeza 21. Ziliwekwa 6.

5. Kipimo cha sauti cha mshiko wa saruji. Wapimaji wa kampuni ya huduma za visima ya Schlumberger walikuwepo mtamboni tayari kukifanya, wakarudishwa nchi kavu asubuhi ya tarehe 20 bila kufanya kazi. Kipimo kingegharimu takriban dola 128,000 na saa 9 hadi 12.

6. Kumbukumbu za BOP: majaribio ya presha, betri, nyaya, mabadiliko ya sehemu, na tarehe ya mwisho ulipofunguliwa na kukaguliwa wote. Kwenye Deepwater Horizon, kisanduku kimoja cha udhibiti kilikuwa na waya uliofungwa vibaya na kingine kilikuwa na betri dhaifu. Ukaguzi wa kufungua, uliotakiwa kila miaka 3 hadi 5, ulikuwa haujafanyika kwa karibu miaka 10.

7. Orodha ya matengenezo yaliyoahirishwa, na nani alisaini kila ahirisho.

8. Chati za presha za kila jaribio la kisima, zikiwa na saa na dakika.

Kamati ya Nishati na Biashara ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilifanya kazi hii vizuri. Tarehe 14 Juni 2010 wenyeviti Henry Waxman na Bart Stupak walimwandikia mkuu wa BP barua iliyotaja maamuzi matano kwa jina, kila moja na muda au fedha iliyookolewa. Barua ile iliwezekana kwa sababu watumishi wa kamati walikuwa wamesoma barua pepe na ripoti za kila siku kwa wiki kadhaa. Kwa kazi ya namna hii tenga watu watatu wa kusoma tu: mmoja aliyewahi kufanya kazi mtamboni, mmoja wa uhasibu, mmoja mwanasheria. Katibu wa kamati peke yake hataiweza.

Hatua ya 5: Soma chati moja mpaka mwisho

Hapa ndipo inafaa kukaa muda mrefu, kwa sababu mbunge aliyesoma chati moja kwa makini anauliza maswali tofauti na yule aliyesoma ripoti kumi za muhtasari.

Jaribio la presha hasi hufanywa hivi. Unaondoa uzito wa tope juu ya saruji makusudi, unaachia presha hadi ifike sifuri, unafunga, unasubiri. Presha ikibaki sifuri, saruji imeshika. Ikipanda yenyewe, kuna kitu kinaingia kisimani kutoka kwenye mwamba. Hakuna maelezo ya tatu.

Jioni ile, bomba la kuchorongea lilishushwa presha zaidi ya mara moja, na kila mara lilipofungwa presha ilirudi juu. Mara ya mwisho ilipanda hadi psi 1,400 ikakaa hapo. Tairi la gari dogo hujazwa psi 32 hivi, kwa hiyo ni zaidi ya mara 40 ya hiyo. Walio kazini wakahamisha jaribio kwenye bomba dogo la pembeni, ambalo huitwa bomba la kuulia kisima. Pale palisoma sifuri, hapakutoka kitu kwa dakika 30. Mabomba yote mawili yalikuwa yanaingia kisima kimoja, kwa hiyo yalipaswa kusoma namba moja. Moja lilisema sifuri, lingine psi 1,400, na timu ikaamua kuamini sifuri. Namba ya pili ilipewa maelezo kwamba ni mkandamizo wa mpira wa BOP tu. Kama saa 2 usiku jaribio liliandikwa kuwa limefaulu, na kazi ya kutoa tope ikaendelea.

Kuanzia saa 3:01 presha ya bomba ilianza kupanda ilhali pampu zilikuwa kwenye kasi ile ile na tope zito lilikuwa linatoka. Ilipaswa kushuka. Ilitoka psi 1,250 ikafika 1,350 katika dakika saba. Mstari huo upo kwenye chati, na mtu yeyote aliyeelezwa dakika kumi anaweza kuuona.

Kosa la watunga sheria liko hapa, na ndilo linaloniuma kuliko mengine yote: kanuni za MMS hazikutaka jaribio hilo lifanyike, wala hazikueleza lifanywe vipi na nani aamue kama limefaulu. Jaribio muhimu kuliko yote la siku ile halikutajwa popote kwenye kanuni. Kwa hiyo chukua kanuni za nchi yako za mkondo wa juu utafute mambo matano: jaribio la presha hasi ni la lazima? Hatua zake zimeandikwa? Kiwango cha kufaulu ni namba gani? Mtu wa nchi kavu asiye chini ya ratiba ya mtambo anatakiwa kukubali matokeo? Mdhibiti anapata chati kabla tope halijatolewa? Kila "hapana" ni pendekezo la kwanza kwenye ripoti yako.

Hatua ya 6: Waite mashahidi kwa mpangilio sahihi

Kamati nyingi huanza na wakubwa, kwa sababu kamera huja na wakubwa. Tarehe 11 Mei 2010 wakuu wa BP, Transocean na Halliburton walikaa meza moja mbele ya Seneti: wa kwanza alielekeza kidole kwa mwenye mtambo, wa pili kwa mwenye kisima, wa tatu akasema alifuata maelekezo. Mwezi mmoja baadaye mkuu wa BP, Tony Hayward, aliulizwa kuhusu maamuzi ya kisima kwa saa nyingi na akajibu tena na tena kwamba hakushiriki. Huenda ilikuwa kweli, na ndiyo sababu alistahili kuwa shahidi wa mwisho wa kuitwa, siyo wa mwanzo.

Anza na anayeidhinisha vibali ndani ya mamlaka ya udhibiti. Kisha mhandisi wa saruji. Kisha msimamizi wa kampuni mtamboni na msimamizi wa zamu, kila mmoja peke yake, chini ya kiapo, bila mwajiri kukaa chumbani. Hakikisha wameandikiwa kwamba ushahidi wao unalindwa na sheria. Wakubwa waje mwisho, waonyeshwe karatasi zilizokwisha kusomwa.

Swali zuri lina karatasi, saa na mtu. Kwa mfano: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kupitia kwako, naomba shahidi aangalie ukurasa wa 14, mstari wa saa 2 usiku. Nani alisaini kwamba jaribio limefaulu, na aliona namba gani kwenye bomba la kuchorongea?" Swali la "je, mlizingatia usalama?" litajibiwa ndiyo, litaingia kwenye Hansard, na halitamsaidia mtu.

Hatua ya 7: Usome mpango wa dharura neno kwa neno

Tarehe 15 Juni 2010 kamati ndogo iliyoongozwa na Edward Markey iliweka mezani mipango ya kukabiliana na umwagikaji ya kampuni tano kubwa za mafuta. Ilifanana karibu neno kwa neno. Baadhi yake iliahidi kuwalinda wanyama wa bahari ya barafu, ambao hawaishi Ghuba ya Mexico, na ilikuwa na simu ya mtaalamu aliyefariki mwaka 2005. Mdhibiti alikuwa ameipitisha yote. Kilichofichua hayo hakikuwa teknolojia, ni mtu kukaa na kusoma.

Kwa pwani yetu, anza na upepo. Mpango wenye ramani moja ya mwelekeo wa mafuta haujui bahari hii. Majira ya kusi mkondo unasukuma kwa nguvu kuelekea kaskazini, kwa hiyo kitu kilichomwagika mbele ya Lindi kinaelekea Mafia, kwenye hifadhi ya bahari iliyopo tangu 1995, na mbele yake Zanzibar. Kaskazi ikivuma hali ni nyingine. Dai ramani mbili, zenye siku na saa za kufika kila kisiwa, kisha waulize wavuvi wa Kilwa na Mafia kama zinafanana na wanachokijua.

Pili, uliza kifuniko cha kisima kiko wapi. Hiki ni chuma kikubwa kinachoshushwa juu ya BOP iliyoshindwa, na ndicho kilichofunga Macondo tarehe 15 Julai. Vifuniko vya pamoja vya kampuni za mafuta vimewekwa vituo vichache duniani, Saldanha Bay ya Afrika Kusini kikiwa kimojawapo. Mpango useme kifuniko kipi, uzito wake, meli gani itakibeba, siku ngapi hadi kwenye kitalu, na kama mkataba wa meli hiyo umeshasainiwa. Uliza pia mtambo wa pili wa kuchoronga kisima cha kupunguza presha utatoka wapi. Macondo ulikuwa jirani, ulianza tarehe 2 Mei, na kisima kilitangazwa kufa tarehe 19 Septemba. Pwani ambayo haina mtambo mwingine hata mmoja inapaswa kuhesabu muda mrefu zaidi.

Tatu, msikubali hoja kwamba hii ni gesi na haichafui. Ni kweli gesi kavu haiachi utando mweusi ufukweni, lakini hatari ya moto na mlipuko kwa wafanyakazi haipungui. Na gesi ikikutana na maji baridi ya kina kirefu huganda kama barafu. Kuba kubwa la kukinga mafuta lililoshushwa Macondo mwanzoni mwa Mei lilizibwa na barafu hiyo na kuachwa. Muulize mwenye kitalu amejipangaje.

Hatua ya 8: Fuata fedha za fidia

Sheria ya Marekani ya 1990 ilikuwa imeweka ukomo wa fidia ya madhara wa dola milioni 75 kwa ajali moja. Hasara halisi ilikuwa ya mabilioni. BP ilikubali kutenga dola bilioni 20 kwa shinikizo la kisiasa, na mwaka 2016 mahakama ikaidhinisha makubaliano ya dola bilioni 20.8. Kampuni ndogo isingeweza kulipa hata sehemu ya kumi, na ukomo wa sheria ungeilinda.

Soma mkataba wa uzalishaji na ugawanaji mapato utafute vitu vitatu. Ukomo wa fidia ni kiasi gani, na unaondoka kukiwa na uzembe mkubwa? Kampuni mama imetoa dhamana, au anayewajibika ni kampuni tanzu yenye ofisi na meza tu? Na hili husahaulika mara nyingi: gharama za kusafisha, faini na fidia zinaingia kwenye gharama zinazorejeshwa? Zikiingia, nchi itajikuta inalipia uzembe wa mwekezaji kupitia mgao wake wa gesi. Mwombe CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) akague safu hiyo hiyo kila mwaka.

Hatua ya 9: Linganisha na sera ya nishati

Usalama hauwezi kujadiliwa bila kuuliza nani ana haraka. Obama alitangaza kupanua uchimbaji baharini tarehe 31 Machi 2010, siku 20 kabla ya mlipuko, bila mdhibiti kuongezewa uwezo kwanza. Kisha ilibidi kusimamisha uchorongaji wa kina kirefu kwa miezi, mahakama ikaingilia, ajira zikayumba, na zuio likaondolewa Oktoba. Nchi iliyokwenda mbio ikasimama ghafla.

Tanzania ina mradi wa gesi ya kuyeyushwa Lindi mbele yake, na upande wa pili bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Kamati iulize kila mwaka wa bajeti: umeme wa maji ukiongezeka, haraka ya gesi ya kina kirefu inatoka wapi, kwenye mahitaji ya ndani au ratiba ya mauzo ya nje? Kabla ya kitalu kipya kunadiwa, mdhibiti ana wakaguzi wangapi waliowahi kusimama kwenye mtambo wa bahari kuu, na anawapeleka kwa helikopta ya nani? Mkaguzi anayesubiri usafiri wa kampuni anayoikagua hawezi kufika bila kutarajiwa. Weka fungu la usafiri huo kwenye bajeti ya mamlaka, likiwa na mstari wake.

Hatua ya 10: Andika mapendekezo yanayoweza kufuatiliwa

Cullen alitoa mapendekezo 106 na yote yalikubaliwa. Marekani, muswada mpana wa usalama ulipita Baraza la Wawakilishi tarehe 30 Julai 2010 ukafia Seneti, na sehemu kubwa ya mageuzi ikabaki kwenye kanuni, ambazo utawala mmoja ulikaza 2016 na mwingine kulegeza 2019. Kwa hiyo yale mambo matano ya jaribio la presha yaandikwe ndani ya sheria yenyewe, siyo kwenye kanuni ya Waziri.

Kila pendekezo liwe na safu tano: kifungu kinachobadilishwa, cheo kinachowajibika, fedha inayohitajika, tarehe ya mwisho, na karatasi itakayothibitisha utekelezaji. Safu ya mwisho ndiyo hukosekana. "PURA iimarishe ukaguzi" haina karatasi. "PURA ipokee chati ya presha hasi muda wa saa 12 kabla tope halijatolewa, na iwasilishe kwa kamati nakala za chati zote kila baada ya miezi sita" inayo. Panga kikao cha kuzipokea kwenye ratiba ya Bunge siku hiyo hiyo ripoti inapowasilishwa, na umkabidhi katibu wa kamati tarehe yake kwa maandishi, maana wajumbe hubadilika nusu ya muhula na visima hubaki pale pale.